Jibu la maabara lisiloingia akilini: kutafuta chanzo kuanzia kwenye dalili

Kuna nambari ambazo mtaalamu wa maabara akiziona kwenye kioo cha mashine mkono wake husita kabla ya kubonyeza kitufe cha kuidhinisha: potasiamu ya 8.9 kwa mgonjwa aliyekuja kwa miguu yake hadi chumba cha kutolea damu, chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) 18 kwa mama mjamzito asiye na hata alama moja ya damu kuvilia kwenye ngozi, sukari ya 1.9 kwa mzee anayeendelea kupiga gumzo na jirani yake kwenye benchi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya dakika zinazofuata baada ya kusita huko. Unaeleza nini kitazamwe kwanza, sampuli ipi irudiwe na ipi ikataliwe, nani apigiwe simu, na wakati gani jibu lisilotarajiwa likubaliwe kuwa ni la kweli. Unahusu maabara za hospitali na vituo vya afya zinazopima damu za wagonjwa, ingawa maabara za dawa, maji na chakula nazo zina taratibu zao za namna hii.

Makosa makubwa ni mawili. La kwanza ni kulitoa jibu kwa sababu mashine imelitoa. La pili ni kulirudia na kulirudia mpaka itokee nambari inayopendeza, kisha kuiandika hiyo na kuzifuta nyingine. Yote mawili yanamdhulumu mgonjwa, lakini la pili ni baya zaidi kwa maoni yangu, kwa sababu linafuta ushahidi ambao ungetusaidia kujua kilichoharibika.

Kwanza, jibu hili ni la aina gani?

Majibu yasiyotarajiwa si ya aina moja, na kila aina ina namna yake ya kushughulikiwa. Kuna majibu ya hatari, yaani yale ambayo yakiwa kweli yanaonyesha kwamba uhai wa mgonjwa uko mashakani sasa hivi na kwamba daktari anaweza kufanya jambo. Utaratibu wa kuyatenga majibu haya na kuyatolea taarifa papo hapo ulielezwa na George Lundberg wa Los Angeles mwaka 1972, na leo kiwango cha kimataifa cha maabara za tiba, ISO 15189, kinaitaka kila maabara iwe na orodha yake. Kuna majibu yasiyopatana, ambayo hayawezi kuwa kweli kwa mtu aliye hai, au hayawezi kuwa kweli yote kwa pamoja katika damu moja. Kuna majibu yaliyoruka, ambayo peke yake hayana ajabu lakini yako mbali sana na majibu ya mgonjwa huyohuyo ya juzi. Na kuna majibu yaliyotoka nje kidogo ya kiwango cha kawaida, ambayo ndiyo mengi kuliko yote.

Hayo ya mwisho yanastahili maneno machache, kwa kuwa yanapoteza muda wa watu wengi bure. Kiwango cha kawaida huwekwa ili kibebe asilimia 95 ya watu wenye afya, kwa hiyo mtu mzima mmoja kati ya 20 atatoka nje yake bila ugonjwa wowote. Ukimpima mtu asiye na ugonjwa vipimo 20 visivyotegemeana, uwezekano kwamba angalau kimoja kitatoka nje unafika asilimia 64. Juu ya hapo, viwango vingi vilivyochapishwa kwenye vijitabu vya mashine zetu vilitokana na watu wa Ulaya na Marekani. Waafrika wengi hawana alama ya Duffy kwenye chembe zao nyekundu, na hali hiyo ya kurithi huambatana na neutrofili (aina ya chembe nyeupe) chache zisizoleta madhara yoyote. Maabara isiyolijua hili itawaandikia watu wenye afya kwamba kinga yao imeshuka.

Jibu moja linaweza kuwa la aina mbili kwa wakati mmoja. Ile potasiamu ya 8.9 ni jibu la hatari na pia ni jibu la kutiliwa shaka. Hapo hatari hutangulia: mpigie daktari, mwambie nambari uliyoiona, mwambie kwamba unaishuku sampuli na kwa sababu gani, na uombe nyingine iletwe haraka. Kulificha jibu mpaka uthibitishe ni kumnyima mgonjwa nusu saa ambayo pengine hana.

Kwa dalili zote zinazofuata, mpangilio wa kutafuta ni uleule: anza na sampuli, kisha jina lililo juu yake, kisha kontroli za siku hiyo (sampuli zenye kiwango kinachojulikana, zinazopimwa ili kuikagua mashine), kisha mashine na vitendanishi, na mwisho mgonjwa mwenyewe. Watu wengi huanza na mashine kwa sababu ndiyo iliyo mbele yao, lakini tafiti za makosa ya maabara zimeonyesha mara nyingi kwamba zaidi ya nusu yake hutokea kabla sampuli haijafika mezani.

Dalili: potasiamu iko juu mno

Nitakaa hapa kwa muda, maana hakuna kipimo kingine kinachodanganywa na sampuli kwa njia nyingi kama hiki. Usiku mmoja wa zamu nilipokea tyubu ya kifuniko chekundu kutoka wodini. Seramu, yaani maji yanayobaki damu ikishaganda, ilikuwa safi, ya rangi ya manjano hafifu, bila wekundu wowote. Potasiamu ikatoka 8.9, sodiamu 141, na nilikuwa karibu kuinua simu nilipoona mstari wa chini: kalsiamu 1.1, wakati kawaida yake ni kati ya 2.1 na 2.6. Kimeng'enya cha fosfatasi alkali nacho kilikuwa chini sana. Nilirudia sampuli ileile, ikatoa 8.9 tena, na hata ningeirudia mara kumi ingetoa 8.9 mara kumi, kwa sababu mashine haikuwa na kosa. Nilipompigia muuguzi nikamweleza nilichokiona, alinijibu kwa uaminifu ambao ninamshukuru hadi leo: tyubu nyekundu ilikuwa na damu kidogo, akaijazia kutoka ile ya zambarau.

Tyubu ya zambarau ina EDTA, na hiyo EDTA imo humo kama chumvi ya potasiamu. Inazuia damu isigande kwa kuikamata kalsiamu, na huikamata pia magnesi na zinki ambazo fosfatasi alkali inazihitaji ili ifanye kazi. Kwa hiyo damu ikihama kutoka zambarau kwenda nyekundu, potasiamu hupanda na hivyo vingine hushuka kwa pamoja. Ukiuona mkusanyiko huo, chanzo umekwisha kukipata. Sampuli ikataliwe, mpya ichukuliwe, na wahusika wakumbushwe kwa upole mpangilio wa kujaza tyubu: chupa za kuotesha vimelea kwanza, kisha ya buluu, kisha nyekundu au ya njano, kisha ya kijani, kisha zambarau, na ya kijivu mwisho.

Kama seramu ina wekundu, hadithi ni nyingine. Ndani ya chembe nyekundu potasiamu ni zaidi ya mara 20 ya ile iliyo nje, na chembe zikipasuka inamwagika. Sindano nyembamba mno, bomba kuvutwa au kusukumwa kwa nguvu, spiriti isiyokauka kwenye ngozi, tyubu kutikiswa badala ya kupinduliwa taratibu, kisanduku cha sampuli kurushwarushwa nyuma ya bodaboda kutoka zahanati ya mbali, vyote hivyo huzipasua. Nawasihi wenzangu wasijaribu kukisia potasiamu ya kweli kwa kutoa kiasi fulani kulingana na wekundu. Omba sampuli nyingine. Lakini ikiwa ya pili, iliyochukuliwa vizuri na mtu mwenye mkono mwepesi, nayo imekuja nyekundu, acha kuilaumu sindano na mpigie daktari mara moja. Huenda chembe zinapasuka ndani ya mishipa ya mgonjwa, kama inavyotokea katika malaria kali, kwa mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD aliyepewa dawa ya malaria ya primakwini, au kwa mgonjwa aliyeongezewa damu isiyopatana naye.

Chanzo cha tatu hakiachi rangi, na ndiyo sababu kinawapita wengi. Damu nzima ikiwekwa kwenye friji kabla ya kutenganishwa, pampu za kwenye utando wa chembe husimama kwa baridi na potasiamu huvuja taratibu bila chembe kupasuka. Seramu itaonekana safi kabisa. Kwa hiyo, kabla ya kuamini potasiamu ya sampuli iliyotoka kituo kingine, uliza ilichukuliwa saa ngapi, ilizungushwa mashineni ili kutenganishwa saa ngapi, na katikati ililala wapi. Mgonjwa kukunja na kukunjua ngumi huku mkono umefungwa mkanda nako huipandisha potasiamu. Na kwa mtu mwenye chembe sahani nyingi kupita kiasi, potasiamu hutoka kwenye chembe hizo damu inapoganda, hivyo pima plazma (maji ya damu isiyoganda) ya tyubu ya kijani uilinganishe na seramu.

Ukiyaondoa yote haya na nambari bado iko palepale, ni ya mgonjwa. Daktari atataka kipimo cha umeme wa moyo, na wewe umempa sababu ya kukitaka.

Dalili: sukari iko chini kuliko mgonjwa anavyoonekana

Chembe za damu hai zinaendelea kula sukari ndani ya tyubu. Katika joto la kawaida la chumba hula takriban asilimia 5 hadi 7 kwa saa, na katika joto la Tanga au Mombasa mwezi wa pili, ndani ya chumba kisicho na feni, hula haraka zaidi. Sukari ya 5.0 ikipungua kwa asilimia 6 kila saa, baada ya saa nne imebaki 3.9, na mgonjwa aliyekuwa mzima sasa anaonekana amekaribia kushuka. Kwa mgonjwa wa saratani ya damu mwenye chembe nyeupe nyingi mno kasi ni kubwa zaidi. Tyubu ya kijivu husaidia, lakini si mara moja: floraidi iliyomo huzuia hatua ya mwishomwisho ya mnyororo wa kuvunja sukari, kwa hiyo saa ya kwanza sukari huendelea kushuka karibu kama vile haimo. Kuzungusha damu mapema na kuitenga plazma ndiyo njia ya uhakika.

Hata hivyo, mtoto mwenye malaria kali, hasa aliyepewa kwinini, anaweza kweli kuwa na sukari ya 1.9. Usibishane na sampuli wakati mtoto yuko wodini. Mwambie muuguzi atumie kipimo cha kidole papo hapo, kisha utafute chanzo baadaye.

Sukari ikiwa juu kupita kiasi huku sodiamu, potasiamu, kalsiamu na protini zikiwa zimeshuka kwa pamoja, uliza dripu iko mkono gani. Dextrose ya asilimia 5 ina sukari ya takriban milimoli 278 kwa lita. Sehemu moja ya maji hayo ikichanganyika na sehemu tisa za plazma ya mtu mwenye sukari ya 5, mashine itasoma karibu 32, na mtu asiye na kisukari atachomwa insulini. Ikiwa dripu ni ya chumvi ya kawaida, yenye sodiamu 154 na kloridi 154, utaona kloridi imepanda, sodiamu imepanda kidogo, na vingine vimepungua. Damu ichukuliwe mkono mwingine. Isipowezekana, dripu ifungwe kwa angalau dakika mbili, na damu ichukuliwe chini ya mahali sindano ya dripu ilipoingia.

Dalili: chembe sahani chache, mgonjwa hana dalili ya kutoka damu

Fungua tyubu uchokoe kwa kijiti cha mbao. Kikitoka na uzi au kipande cha damu iliyoganda, hata kidogo kama punje ya mtama, chembe sahani zimenaswa humo na hesabu yote ya picha kamili ya damu haifai, pamoja na chembe nyeupe na nyekundu ambazo mashine imezihesabu bila kulalamika.

Kama hakuna kilichoganda, tengeneza slaidi, ipake rangi, uitazame kwa hadubini, na usiishie katikati: peleka lensi mpaka kwenye kingo na mkiani mwa damu iliyotandazwa. Huko ndiko utakakoyakuta mafungu, chembe sahani 20 au 50 zimeshikana kama sisimizi juu ya tone la asali, na mashine imehesabu fungu zima kama chembe moja, au haikulihesabu kabisa. Kwa watu wachache, takriban mmoja kati ya elfu moja, kingamwili zao hufanya hivyo kila damu inapokutana na EDTA. Si ugonjwa. Chukua damu nyingine kwenye tyubu ya buluu yenye sitreti, pima mapema, na uzidishe hesabu kwa 1.1 kwa sababu sitreti ya majimaji imeipunguza damu kwa sehemu moja ya kumi. Andika kwenye majibu kwamba mgonjwa huyu ana tatizo la EDTA, ili hospitali ya rufaa isije ikamwahirishia upasuaji, au ikamwongezea chembe sahani asizozihitaji.

Slaidi ikionyesha chembe chache kweli, bila mafungu, amini. Malaria huzishusha mara nyingi sana katika nchi zetu, na dengi, kama ilivyozuka Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, huzishusha pia.

Katika karatasi hiyohiyo ya picha kamili ya damu, MCHC (wingi wa himoglobini ndani ya chembe nyekundu) iliyozidi 37 ni kengele nzuri. Mara nyingi inatokana na mafuta mengi kwenye plazma, chembe zilizopasuka, au kingamwili za baridi zinazozishikanisha chembe nyekundu. Kwa hizo za baridi, pasha tyubu joto la nyuzi 37 kwa nusu saa hivi na upime tena ikiwa bado ya moto. Kengele nyingine ni hii: zidisha himoglobini kwa 3, na inapaswa kukaribia hematokriti, yaani asilimia ya damu iliyo chembe nyekundu. Kanuni hiyo ni ya chembe zenye ukubwa na rangi ya kawaida tu, isitumike kumhukumu mgonjwa wa selimundu au mwenye upungufu wa madini ya chuma.

Dalili: jibu limeruka kutoka lile la juzi

Hapa ndipo ninapotaka msomaji awe na wasiwasi zaidi, kwa sababu sampuli inaweza kuwa safi, kontroli nzuri, mashine nzima, na bado damu ikawa ya mtu mwingine. Wagonjwa wawili wenye majina yanayofanana wako wodi moja, vitanda vimebadilishwa asubuhi, tyubu zimeandikwa majina kabla ya damu kuchukuliwa, na kila hatua ikaonekana sawa kwa aliyeifanya.

Tazama vitu visivyobadilika haraka. Ukubwa wa wastani wa chembe nyekundu, MCV, haubadiliki kwa siku chache isipokuwa mtu ameongezewa damu. MCV ya 71 Jumatatu na 92 Jumatano, bila kuongezewa damu, karibu kila mara ni watu wawili. Kreatinini, inayoonyesha kazi ya figo, nayo haishuki kutoka 480 hadi 75 kwa usiku mmoja bila mgonjwa kusafishwa damu. Kinyume chake, sukari, chembe nyeupe na potasiamu zinaweza kubadilika kweli ndani ya saa chache, kwa hiyo kuruka kwake peke yake hakuthibitishi kitu.

Ukishuku, usiulize tu kama jina ni sahihi, maana utajibiwa ndiyo. Uliza nani alichukua damu, kitanda gani, saa ngapi, na nani mwingine alichukuliwa damu dakika zilezile, kisha itafute tyubu ya huyo wa pili. Mara nyingi ukikuta moja imepotea njia, ya pili nayo iko mahali pasipo pake, na mgonjwa wa pili yuko hatarini kuliko wa kwanza kwa kuwa hakuna anayemshuku. Kundi la damu likitofautiana na lililoandikwa zamani, damu isitolewe kwa mgonjwa huyo mpaka sampuli mpya ichukuliwe, ikiwezekana na mtu mwingine, na majibu mawili yapatane. Katika hili hakuna haraka inayokubalika, na katika dharura isiyosubiri ipo damu ya kundi O.

Dalili: kontroli imekataa

Chati ambayo wengi wetu tumeibandika ukutani ilipendekezwa na Levey na Jennings mwaka 1950, na kanuni za kuisoma ziliandikwa na Westgard na wenzake mwaka 1981. Ina mstari wa wastani katikati, na mistari ya mkengeuko sanifu mmoja, miwili na mitatu juu na chini yake. Kontroli iliyovuka mstari wa pili mara moja tu ni onyo, kwani hata mashine nzima huuvuka karibu mara moja kila 20. Ikivuka mstari wa tatu, kazi isimame.

Kinachonisikitisha ni desturi ya kurudia kontroli mara tatu au nne mpaka moja iingie ndani, kisha chati ikajazwa hiyo moja na asubuhi ikaonekana njema. Chati inasomeka kwa umbo lake, na ukiichagulia nukta huwezi kulisoma. Nukta mbili zinazofuatana upande mmoja nje ya mstari wa pili, nne upande mmoja nje ya mstari wa kwanza, au kumi upande mmoja wa wastani, zinasema kwamba kuna kitu kimehama na kimekaa huko: kitendanishi kipya cha toleo jingine, kalibresheni ya zamani, taa ya mashine inayochoka, friji iliyolala bila umeme. Nukta zinazoruka, moja juu kabisa na nyingine chini kabisa ndani ya mzunguko mmoja, zinaelekeza kwingine: kiputo cha hewa kwenye pipeti, kontroli ya unga iliyochanganywa na maji yasiyopimwa sawasawa, umeme unaopanda na kushuka. Maumbo mawili haya yakichanganywa, mtu atabadilisha kitendanishi ghali wakati tatizo ni kiputo.

Kontroli ikikataa, majibu ya wagonjwa wa mzunguko huo hayatoki. Ukishapata chanzo na kukirekebisha, pima kontroli tena, kisha rudi nyuma mpaka kontroli ya mwisho iliyokubali na upime upya baadhi ya wagonjwa waliopita katikati.

Dalili: kipimo cha haraka kinapingana na mgonjwa

Kipimo cha haraka cha malaria kinachotafuta HRP2, protini ya vimelea, kinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, kwa hiyo mgonjwa aliyemaliza dawa juzi hapimwi kwa hicho bali kwa slaidi. Upande wa pili, kipimo hasi kwa mtu mwenye vimelea vinavyoonekana kwenye slaidi kinaweza kutokana na vimelea vilivyopoteza jeni ya HRP2, hali iliyoenea Eritrea, Ethiopia na Djibouti kiasi cha kulazimu vipimo vya aina nyingine. Shirika la Afya Duniani limeshauri vibadilishwe pale ambapo zaidi ya asilimia 5 ya wagonjwa wanakosewa kwa sababu hiyo. Kabla ya kufikiria jeni, lakini, angalia saa: kipimo kilichosomwa mapema mno au baada ya muda wake kupita hakina maana.

Kitu kikiwa kingi mno nacho hukipofusha kipimo. Mama mwenye mimba zabibu anaweza kuwa na homoni ya ujauzito nyingi kiasi kwamba kipimo cha mkojo kinaonyesha hasi, na kipimo cha kaswende cha RPR kinaweza kuwa hasi kwa mtu mwenye ugonjwa huo katika hatua ya pili. Punguza sampuli kwa maji ya chumvi mara 10, kisha mara 100, upime tena. Kikigeuka chanya, umepata jibu.

Na mgonjwa ambaye homoni za tezi ya shingo zinamwonyesha ana ugonjwa wa kuzidiwa na homoni hizo, TSH iko chini na T4 iko juu, lakini mapigo ya moyo ni ya kawaida na hajakonda, aulizwe kama anameza vidonge vya nywele na kucha. Vina bayotini nyingi, na bayotini huvuruga vipimo vingi vinavyoitumia ndani ya mfumo wake. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu hili mwaka 2017, kwa kuwa kipimo cha troponini nacho kinaweza kushushwa na kumficha mtu mwenye shambulio la moyo. Aache vidonge kwa siku chache, apimwe tena.

Kurudia, kupiga simu, na kusahihisha

Kurudia kuna maana pale tu unapoweza kusema unatafuta nini. Sampuli ileile kwenye mashine ileile inakujibu swali moja: je, mashine iliteleza mara moja? Sampuli ileile kwenye mashine nyingine au kwa njia nyingine inajibu la pili, na sampuli mpya inajibu la tatu. Amua swali kabla ya kurudia, na uandike majibu yote, la kwanza na la pili, hata kama la kwanza ni la aibu.

Simu ya jibu la hatari ipigwe kwa mtu anayeweza kumtibu mgonjwa. Asome tena kwa sauti jina, namba ya hospitali na nambari uliyompa, nawe uandike kwenye rejista jina lake, saa na dakika. Mtu akisema tu "sawa, nimeelewa", mwombe asome. Nimewahi kusikia 2.6 ikirudishwa 6.2.

Jibu likishatoka na baadaye likagundulika kuwa si sahihi, halifutwi. Ripoti mpya iandikwe wazi kuwa ni ya marekebisho, ikiwa na nambari ya zamani, nambari mpya, sababu, tarehe na saa, na aliyeipokea ile ya kwanza atafutwe kwa simu, si kwa karatasi peke yake, kwa kuwa huenda amekwisha kuitumia. Kisha chukua rejista utafute sampuli nyingine zilizopita njia ileile asubuhi hiyo, kutoka wodi ile, kwa mkono ule, au kwenye chupa ileile ya kitendanishi.